Kinyago Hakikuchongwa Kikae Kimya

Siku hizi makumbusho ya sanaa hayatangazi onesho, yanatangaza mwezi. Ratiba inakufikia kwenye simu ikiwa imejaa kama kalenda ya msimu wa harusi: wiki ya kwanza ufunguzi wa maonesho ya uchoraji, Alhamisi mazungumzo na wasanii, Jumamosi ngoma uwanjani, Jumapili watoto wanafundishwa kufinyanga, wiki ya pili filamu na usiku wa mashairi, wiki ya tatu mjadala juu ya urithi, na mwisho wa mwezi tamasha la kufunga. Mei ndiyo hujaa zaidi, kwa kuwa tarehe 18 ni Siku ya Makumbusho Duniani, iliyoanza kuadhimishwa 1977. Kila ratiba ya aina hii inapotoka, mabishano huwa yaleyale. Kuna wanaolalamika kwamba makumbusho yamegeuzwa kumbi za starehe, na kazi za sanaa zimekuwa mapambo ya nyuma ya jukwaa. Kuna pia wanaoshangilia kwamba hatimaye watu wanaingia getini, hata kama wamefuata muziki na chakula, na kwamba mmoja kati ya kumi akipita kuangalia picha, si haba.

Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinaamini kuwa kazi ya makumbusho ni kile kilichotundikwa ukutani au kufungiwa kabatini, na kwamba ngoma, maigizo na mazungumzo ni nyongeza. Wa kwanza wanaiona nyongeza hiyo kuwa kelele, wa pili wanaiona kuwa chambo. Mimi nasema hivi: kwa sehemu kubwa ya sanaa ya ukanda wetu, utendaji na maneno ni viungo vya kazi yenyewe, na ukivikata unabaki na nusu ya kitu. Kwa hiyo mwezi wa maonesho, ngoma na mazungumzo unapaswa kupewa uzito uleule tunaoupa mkusanyo wa picha, na kupimwa kwa ukali uleule. Nani amepewa nafasi ya kusema? Amesema kwa lugha gani? Amelipwa nini? Na mwezi ukiisha, viti vikikunjwa na spika zikirudishwa kwa aliyezikodisha, kimebaki nini ndani ya jengo?

Tuanze na namna makumbusho yalivyotufikia. Ya Uganda ndiyo makongwe kwetu, yalianza 1908. Ya Nairobi yalianza 1910 mikononi mwa chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, Wazungu waliokuwa wakikusanya wadudu, ndege na mimea na kutafuta mahali pa kuviweka. Ya Dar es Salaam yaliasisiwa 1934, yakafungua milango 1940 yakiwa ni kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Asili hii si jambo la kupita haraka. Mkusanyaji wa vipepeo ana utaratibu wake: humkamata, humuua, humchoma pini, kisha huandika jina la aina na mahali alipopatikana. Kwa kipepeo utaratibu huo una maana, kwa sababu mabawa hayabadiliki sana baada ya kufa. Ulipohamishiwa kwenye vitu vya watu, ukazaa lebo ambayo bado tunaishi nayo hadi leo: jina la kabila, aina ya mti, mwaka kilipoingia, pengine jina la ofisa aliyekitoa. Jina la mchongaji halimo. Wimbo uliokwenda nacho haumo. Saa ya siku kilipotolewa ndani, nani aliruhusiwa kukiona na nani alipaswa kukimbia, hayo yote hayamo. Lebo ile haikuwa na nafasi ya kuyabeba, na baada ya miaka mingi tukazoea kuamini kwamba kisichotosha kwenye lebo hakikuwa sehemu ya kitu.

Agosti 2022, mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipitisha fasili mpya ya neno makumbusho. Haikuwa kazi rahisi. Jaribio la kwanza, Kyoto 2019, lilikwama na kura ikaahirishwa. Safari hii zaidi ya asilimia 92 ya wapiga kura waliunga mkono maneno yanayotaja ushiriki wa jamii, na yanayoweka elimu, burudani, tafakuri na kushirikishana maarifa katika mstari mmoja. Tangu hapo nimesikia ratiba za mwezi mzima zikitetewa kwa fasili hiyo, kana kwamba ruhusa ya kupiga ngoma ndani ya makumbusho imetoka Ulaya ya Kati. Naipenda fasili yenyewe. Lakini kuichukua kama chanzo kunatupotezea historia yetu, na wanaopinga ratiba hizi hupata urahisi wa kuziita mtindo ulioagizwa kutoka nje.

Chukua lipiko, kinyago cha kuvaliwa cha Wamakonde (wingi wake mapiko). Ukilikuta kabatini unaona kichwa cha mti mwepesi, chenye uzito wa kushangaza usoni: mashavu, chale, midomo iliyotuna, mara nyingine nywele halisi za binadamu zilizopachikwa kwa nta. Ni kazi nzuri, na mtu anaweza kusimama mbele yake nusu saa bila kuchoka. Lakini lipiko huvaliwa likiwa limeinuliwa juu ya kichwa, na mwili wote wa mvaaji umefunikwa nguo, ili asijulikane ni nani. Linatoka na ngoma, baada ya jando, mbele ya kijiji kizima, na kule kutembea kwake, kutetemeka, kugeuka ghafla kuwaelekea watoto, ndiko kunakolifanya liwe lipiko. Wachongaji hawakuishia kwenye sura za wahenga. Wamechonga mapiko ya wageni, ya wakoloni, ya wakubwa wenye majivuno, ili yachezwe na kuchekwa. Dhihaka hiyo haimo kwenye mti pekee, imo kwenye mwendo. Niliwahi kumwona mzee mmoja wa Kimakonde amesimama na wajukuu zake mbele ya kabati la namna hiyo. Hakulitazama lipiko usoni. Aliinama, akapinda shingo, akijaribu kuona upande wa ndani na ukingo wa chini, mahali ambapo kabati halikuruhusu kuonekana. Alitaka kujua lilikaaje kichwani. Sikumwuliza zaidi, kwa sababu watoto walikuwa karibu na mambo mengine hayaulizwi mbele ya watoto. Ila niliondoka nikijua kwamba sisi wawili tulikuwa tumesimama mbele ya vitu viwili tofauti.

Kule Lamu, makumbusho yanahifadhi siwa mbili mashuhuri, ya shaba ya Lamu yenyewe na ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate. Kila mwana wa pwani anajua kuwa siwa ni baragumu. Ilipulizwa kwenye harusi na sherehe za watu wa daraja fulani, na haki ya kupuliziwa ilikuwa ni jambo la ukoo na heshima, la kuombewa idhini. Nakshi zake ni za kustaajabisha, nami sina ugomvi na anayekwenda kuzitazama nakshi. Ugomvi wangu ni na yule anayedhani akizitazama amemaliza.

Huenda msomaji akasema hivyo ni vitu vya kale vya mila, na sanaa ya makumbusho ya leo ni picha, ambazo zinatosha kutazamwa. Basi twende Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi yake, Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, katika picha zaidi ya 100: enzi za watawala wa kale, kuja kwa Wabelgiji, maisha ya migodini, kupanda na kuuawa kwa waziri mkuu Lumumba, vita vya Katanga. Hakujiita mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Picha zake hakuziacha zijisemee. Alizipeleka kwa mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo, na kila moja akaisimulia kwa Kiswahili cha Katanga huku mashine ikirekodi, akieleza kwa nini yule amesimama hapa, kwa nini rangi hii, alichosikia kwa wazee na alichokihitimisha mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba akapotea, na hakuonekana tena. Leo picha zile zimo Amsterdam. Lakini masimulizi yake, Kiswahili chake chenyewe, yameandikwa neno kwa neno na yanasomeka. Ungemwondoa msimulizi ungebaki na picha zenye nguvu ambazo nusu ya hoja yake imezama. Hata huku kwetu, nani ataelewa jina la Sane Wadu kwa kutazama rangi? Aliacha ualimu ili achore, majirani wakasema amepata wazimu, naye akajibu kwa kujiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu. Onesho la kazi zake ndilo lililoitambulisha 2022 nyumba mpya ya Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage. Simulizi ya jina hilo haipo kwenye turubai yoyote. Ipo midomoni.

Wala hatuanzi leo. Miaka ya 1950 Makumbusho ya Uganda yalikuwa na mhifadhi Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani, aliyeona wazi kwamba ala ya muziki isiyopigwa ni kuni zilizopambwa. Makumbusho yakaajiri wanamuziki. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, aliyepata kupiga muziki katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, akawa ndani ya makumbusho akipiga, akieleza na akifundisha. Naomba tulisome neno "yakaajiri" polepole, kwa sababu nitalirudia. Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa 1967 kando ya barabara ya Bagamoyo, kikajengwa nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania, na ngoma zikawa sehemu ya ziara. Baadaye zikaja siku za makabila, ambapo wenye nyumba zao wanakuja wenyewe kupika, kucheza na kueleza, badala ya kuelezwa. Nairobi nayo ilikuwa na Chemichemi, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa 1963 na mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, ambamo uchoraji, uandishi na tamthilia vilikaa chini ya paa moja. Mwaka 1965 ikaja Paa ya Paa ya Elimo Njau na wenzake. Njau alizaliwa chini ya Kilimanjaro, na kwake yeye nyumba ya sanaa bila mashairi na maigizo isingekuwa nyumba. Hata Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert yanaitwa kwa ukamilifu Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Anayesema ratiba za mwezi mzima ni mtindo wa juzi, hajauliza wakubwa zake.

Sasa nizipime hoja za wanaopinga, maana si zote nyepesi.

Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba kazi nzuri hujisemea yenyewe, na mtu anahitaji utulivu ili aisikie. Utulivu huo unazungumzwa kama sheria ya maumbile, kumbe ni desturi, tena desturi ya mahali fulani na tabaka fulani. Hata maonesho makubwa ya Paris ya karne ya 18 na 19 yalikuwa na msongamano wa watu wakibishana mbele ya picha zilizopangwa ukutani hadi karibu na dari. Ukimya ulikuja baadaye, ukaja na masharti ya nani anastahili kuwa mle. Kisha tujiulize, kazi inayojisemea inasema na nani? Inasema na aliyekwisha fundishwa lugha yake. Mwanafunzi wa shule ya kata anayeingia kwa mara ya kwanza haambiwi chochote na ule ukimya, isipokuwa kwamba apunguze sauti ya viatu vyake. Na jambo la mwisho: hakuna makumbusho yaliyo kimya kweli. Lebo ni mazungumzo. Ni mtu mmoja anayesema peke yake, asiyeonekana, asiyeulizwa swali. Ngoma ya Jumamosi na mjadala wa Alhamisi vinaongeza wasemaji, na hicho ndicho kinachowakera wengi kuliko kelele.

Hata hivyo kuna kitu cha kweli ndani ya hoja hiyo, nami sitaki kukitupa. Vipo vitu visivyotaka kuchezwa mbele ya kamera. Kigango cha Wamijikenda husimamishwa kwa ajili ya marehemu, na kinaachwa palepale hadi mvua na mchwa viamue. Vigango vingi viliibwa tangu miaka ya 1970 vikauzwa hadi Marekani, na vichache ndivyo vilivyorudi, vikiwemo 30 vilivyorejeshwa kutoka Denver mwaka 2019. Kukiwekea kigango jukwaa na taa za rangi ni kosa lilelile la kukiwekea kabati. Ninachodai hapa ni kwamba kila kitu kiulizwe desturi yake kabla ya kupangiwa mahali. Lipiko litajibu kwa ngoma. Kigango pengine kitajibu kwamba hakikupaswa kuwa hapa.

Hoja ya uhifadhi ina nguvu zaidi. Mti wa miaka 80 hauwezi kuvaliwa na kutokwa jasho kila mwisho wa wiki, na hakuna mhifadhi mwenye akili atakayeruhusu siwa ya pembe ya karne ya 17 ipulizwe na kila mgeni rasmi. Nakubali bila masharti. Lakini tazama Wamakonde wenyewe walivyolitatua: wanachonga jingine. Thamani haikufungwa kwenye kipande kimoja cha mti, ilikuwa kwenye ujuzi wa kuchonga na wa kucheza, unaohama kutoka mkono hadi mkono. Makumbusho yakiwa na lipiko la kale stoo, yakamlipa mchongaji achonge jipya mbele ya watu, kisha likachezwa, yamehifadhi mara mbili. Yakiwa na la kale peke yake, yamehifadhi mti.

Ya tatu ni fedha, na hapa nawapa wapinzani haki yao. Miezi mingi ya namna hii inawezekana kwa fedha za vituo vya utamaduni vya kigeni, balozi na mifuko ya misaada. Sitawasema vibaya, kwani serikali zetu zilipoiacha bajeti ya sanaa ikauke, wao ndio walioweka maji. Lakini kuna jambo limejificha kwenye neno "mwezi". Kwa nini mwezi? Kwa nini si kila Jumamosi mwaka mzima, kama wanamuziki wa Makumbusho ya Uganda walivyokuwepo siku za kazi? Kwa sababu mwezi ndio unaotosha kwenye maombi ya ufadhili. Una mwanzo, una mwisho, una picha za ripoti. Mada nazo huja zimeshachaguliwa nusu: mwaka huu tabianchi, mwaka ujao urejeshaji, mwaka mwingine kitu kingine. Msanii mwerevu anajifunza kuichora mada kabla haijampata mwenyewe moyoni. Tiba yake si kufuta mwezi. Tiba ni kuuondoa utendaji kwenye bajeti ya matukio na kuuweka kwenye bajeti ya kudumu, palepale zinapokaa fedha za umeme, mlinzi na dawa ya mchwa.

Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi. Nenda kwenye mjadala wa Alhamisi jioni, uhesabu wanaozungumza na lugha wanayozungumza. Ukumbi upo Dar es Salaam au Nairobi, msanii amezaliwa Mbagala au Mathare, na kazi imejaa maisha ya huko, lakini jopo linazungumza Kiingereza, tena Kiingereza cha vyuo, huku mama yake msanii amekaa safu ya tatu na mkoba mapajani akitabasamu kwa adabu. Ikifika zamu ya ngoma, lugha inarudi ya nyumbani, lakini wachezaji hawaulizwi kitu. Hivyo ratiba ileile inayodai kuvunja ukuta inaujenga upya: wenye maneno upande huu, wenye miili upande ule. Wanaosema makumbusho yamekuwa starehe ya wachache wana ushahidi, nami sina jibu la kuwazima. Ila lawama yao wanaielekeza kwenye ngoma, ilhali ugonjwa upo kwenye jopo. Tshibumba alieleza ukoloni, dini, utawala na kifo kwa Kiswahili, picha baada ya picha, na hakuishiwa maneno.

Kwa upande wa wanaoshangilia, hoja yao dhaifu ni ile ya idadi. Watu 2,000 wakiingia Jumamosi moja, tunaambiwa makumbusho yamefufuka. Idadi inafaa kujulikana, sikatai. Lakini inahesabu miguu, na mwisho wa mwezi miguu hurudi ilikotoka. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalikuwa na onesho lililotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje, zaidi ya 32,000 katika taasisi za Ulaya na Marekani. Ndani yake palikuwa na makabati matupu. Hakuna kitu cha kutazama pale, kuna nafasi ya kitu. Onesho la namna hiyo haliwezi kusimama bila mazungumzo, kwa sababu mazungumzo ndiyo yaliyomo. Ukilipima kwa idadi ya waliopita getini, utakuwa umeacha kipimo chake halisi: ni watu wangapi waliotoka wakijua jina la kitu cha kwao na mji kilipo, na ni wazee wangapi waliojitokeza kusema kile ninakijua, kilitoka kwetu.

Ikiwa utendaji na maneno ni sehemu ya kazi, basi vinadai haki za kazi. Picha inapokopwa kwa onesho huandikiwa mkataba, hukatiwa bima, hukaguliwa mkwaruzo inapofika na inapoondoka. Mpiga ngoma aliyekuja kuileta nusu nyingine ya onesho nimemwona akipewa nauli na soda, na jina lake halimo hata kwenye karatasi ya ratiba, limeandikwa jina la kikundi, au kibaya zaidi, jina la kabila, kama ilivyokuwa kwenye lebo za 1940. Mkataba, jina na malipo si fadhila. Rekodi nazo zinahitaji kanuni. Kila mjadala siku hizi unapigwa video, na video hiyo inaishia kwenye simu ya mtu au kwenye ukurasa wa mtandao unaosahaulika baada ya wiki mbili. Irekodiwe vizuri, iandikwe neno kwa neno kwa lugha iliyosemwa, iingizwe kwenye daftari la makumbusho kwa namba, karibu na namba ya kitu inachokieleza, na iandikwe pia nani anaruhusiwa kuisikiliza, maana si kila siri ya jando ni ya mtandaoni. Mwaka 1997 moto uliunguza Paa ya Paa na kazi nyingi zilizokuwamo. Rangi iliyoungua haipakiki tena. Lakini maneno yaliyosemwa mbele ya picha zile kwa miaka 30 hayakuhitaji kuungua nazo, yangeweza kuwa mahali pengine yakisubiri. Yale ambayo hayakurekodiwa yamo vichwani mwa watu, na watu hao wanazeeka.

Jambo hili litakuwa zito zaidi kadiri vitu vinavyorudi. Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji aliikabidhi Kongo kinyago cha kakuungu cha Wasuku, kikapokelewa katika makumbusho ya taifa ya Kinshasa. Kilirudi kwa mkopo usio na kikomo, na neno hilo mkopo peke yake linastahili makala nyingine. Kakuungu ni kinyago kikubwa cha mambo ya jando na uponyaji. Swali linalotangulia kwa kawaida ni la kabati, joto na unyevu, na ni swali halali. Lakini kinyago kilichokaa kabatini Tervuren, kwenye makumbusho ya Ubelgiji, kikahamishiwa kabatini Kinshasa kimesafiri bila kufika.

Na ipo ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwekwa British Museum tangu 1908. Kwa zaidi ya miaka 100 imekaa stoo, haikuwahi kuoneshwa hadharani. Wapokomo wanaidai. Siku itakaporudi, natumaini kabla fundi hajapima vioo vya kabati kutakuwa kimeitwa kikao na watu wa Tana, na daftari limefunguliwa: ilipigwa saa ngapi, kwa ajili ya nini, na mikono ya nani, nani alisogea karibu na nani alikaa mbali, na je, ngozi mpya ikiwambwa itakuwa bado ni yeye. Stoo ya London haina majibu hayo. Wenye nayo wanakaa Tana, na mpaka sasa hakuna ratiba ya mwezi wowote iliyowapangia siku.